Kwa nini samaki wa baharini hupigana ndani ya tangi la nyumbani

Makala haya yametokana na swali lililotufikia studio kutoka Ilongero. Msikilizaji wetu mmoja, mfanyabiashara wa alizeti, ana tangi la kioo la maji ya chumvi sebuleni kwake. Linaingia lita 150. Alitaka kujua kwa nini samaki wake wanakufa mmoja baada ya mwingine ilhali maji ni safi, pampu inafanya kazi na chakula hakikosekani. Hewani tulimjibu kwa dakika nne tu, na baada ya hapo ujumbe ukaendelea kuingia kutoka kwa wasikilizaji wengine wenye maswali. Ndiyo maana tumeamua kuyaandika maelezo yote hapa, hata mtu asiye na tangi apate kuelewa.

Jibu kwa ufupi ni hili. Samaki wale hawakufa kwa maji mabaya. Waliuawa na mwenzao. Naye aliyewaua hakuwa na kichaa wala roho mbaya. Alifanya kile ambacho angekifanya baharini, ila baharini yule anayeshindwa hukimbia. Ndani ya kioo hana pa kukimbilia.

Kilichotokea Ilongero

Msikilizaji wetu alinunua samaki kwa awamu mbili jijini Dar es Salaam, akawasafirisha kwa basi wakiwa kwenye mifuko ya plastiki iliyojazwa oksijeni. Safari ya kwanza alileta samaki watatu wadogo weusi wenye madoa meupe, matatu kwa kila mmoja: moja kwenye paji la uso na moja kila ubavu. Kitaalamu samaki huyu anaitwa Dascyllus trimaculatus, na anapatikana kwenye matumbawe ya pwani yetu. Muuzaji alimwambia hawa ni wagumu, hawafi hovyo, basi aanze nao.

Wiki ya tatu mmoja wao hakuonekana. Wiki iliyofuata wa pili naye akapotea. Mwenye tangi alidhani wamerukia nje, akatafuta hadi chini ya kochi. Akabaki mmoja, mnono, mwenye afya njema. Ndipo alipoleta awamu ya pili: samaki wawili wa anemoni, wale wa rangi ya chungwa ambao watoto huwaita Nemo, pamoja na kangaja mmoja wa buluu. Siku ya tisa mmoja wa samaki wa anemoni alikutwa amekufa nyuma ya jiwe, na kangaja alikuwa na mapezi yaliyochanika kama kitambaa.

Mwenyewe alibadilisha maji, akabadilisha tena, akaongeza dawa. Hakuna kilichosaidia, kwa sababu tatizo halikuwa kwenye maji. Lilikuwa linaogelea mbele ya macho yake, nalo lilikuwa samaki mdogo kuliko kangaja.

Kuwinda ni jambo moja, kupigana ni jingine

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Mkunga anayemmeza samaki mdogo hajagombana na mtu. Amekula. Chewa naye ni vivyo hivyo, na pia samaki simba mwenye miiba ya sumu. Hawa huishi kwa kula wengine, na kanuni yao ni rahisi: chochote kinachoingia kinywani ni chakula. Ukimweka chewa pamoja na samaki wadogo, usilalamike kuwa ni mkorofi.

Ugomvi wenyewe ni jambo tofauti. Hapa samaki humshambulia mwenzake bila nia ya kumla. Sababu kubwa ni nne: eneo la kuishi, chakula, nafasi katika ngazi ya ukubwa, na kulinda mayai au mwenza. Mara nyingi sababu mbili au tatu huungana. Ukiijua sababu, utajua pia dawa.

Eneo ni maisha

Kwenye matumbawe, nafasi ndiyo mali. Tundu moja zuri kwenye jiwe ni nyumba, ni maficho dhidi ya adui, na pengine ni mahali pa kuwekea mayai. Kwa hiyo samaki wengi wa matumbawe huchagua sehemu, huizunguka kila siku, na humfukuza anayeingia.

Mtaalamu wa tabia za wanyama kutoka Austria, Konrad Lorenz, aliwaangalia samaki wa aina hii baharini na kwenye matangi. Katika kitabu chake kuhusu ukali wa wanyama kilichotoka mwaka 1963, alieleza kwamba samaki wa matumbawe wenye rangi kali huwashambulia zaidi wale wa aina yao wenyewe kuliko wa aina nyingine. Maelezo yake ni kwamba mwenzako wa aina moja ndiye anayetaka chakula kilekile, tundu lilelile na mwenza yuleyule. Mwaka 1973 Lorenz alikuwa mmoja wa wanasayansi watatu waliopewa Tuzo ya Nobel kwa kazi ya kuchunguza tabia za wanyama.

Hata hivyo kanuni hiyo haifiki kila mahali. Wapo samaki wadogo wa familia ya huyu wa madoa matatu ambao ni wakulima kwelikweli. Hutunza kibustani cha mwani juu ya jiwe, hung'oa aina wasizozitaka, na humfukuza kila mla mwani anayesogea, awe wa aina yao au la, hata akiwa mkubwa mara kadhaa kuliko wao. Mkulima wa Ilongero anayelinda shamba lake dhidi ya mbuzi wa jirani atamwelewa samaki huyu bila kueleza sana.

Wala hatuhitaji kwenda baharini kuona jambo hili. Katika Ziwa Kitangiri, wilayani Iramba, na katika maziwa ya Manyara na Eyasi, kuna perege wa maji ya chumvi anayeitwa kitaalamu Oreochromis amphimelas. Samaki huyu ni wa Tanzania peke yake. Katika jamii hii ya perege dume huchimba kiota chini ya maji na kukilinda dhidi ya madume wengine, na jike huyabeba mayai kinywani. Anayefuga perege kwenye bwawa ameshaona dume akikimbiza wenzake wakati wa kuzaliana. Ni tabia ileile.

Ngazi: somo kutoka kwa kuku

Singida tunajulikana kwa kuku wa kienyeji, kwa hiyo mfano huu ni wa nyumbani. Ukiwachanganya kuku wageni bandani, siku za kwanza ni vurugu tupu. Baada ya muda vurugu hupungua. Si kwamba wamependana, ila kila mmoja amejua nani anaweza kumdonoa na nani wa kumpisha. Mnorwe Thorleif Schjelderup-Ebbe ndiye aliyeieleza ngazi hii ya kudonoana kisayansi mwaka 1921, akiwatazama kuku wa kawaida.

Samaki nao wana ngazi yao. Mfano uliochunguzwa sana ni wa samaki mdogo wa Ziwa Tanganyika, Astatotilapia burtoni. Dume mwenye eneo huwa na rangi ya kung'aa na mstari mweusi unaopita kwenye jicho. Dume asiye na eneo hupauka na kufanana na jike. Nafasi ikipatikana, mnyonge huanza kubadilika rangi ndani ya dakika chache.

Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio la kushangaza kuhusu samaki huyu. Walimweka mmoja awe mtazamaji, wakamwonyesha mapambano: wa kwanza anamshinda wa pili, wa pili anamshinda wa tatu, hivyo hivyo hadi wa tano. Kisha wakamweka kati ya wa pili na wa nne, wawili ambao hakuwahi kuwaona wakipambana. Mtazamaji alielekea zaidi upande wa yule wa nne, yaani mnyonge. Alikuwa amekokotoa mwenyewe nani ana nguvu kuliko nani, kwa kutazama tu.

Funzo kwa mwenye tangi ni kwamba samaki wako wanajuana. Mgeni akiingia, ngazi yote hupangwa upya, na hiyo ndiyo siku ya hatari.

Samaki wa anemoni na foleni yao

Samaki wa anemoni wa pwani yetu, kama Amphiprion akallopisos na Amphiprion allardi, huishi kati ya minyiri ya anemoni ya bahari, inayowachoma samaki wengine lakini si wao. Watu huwaona wapole. Ukweli ni kwamba wanaishi kwa foleni kali.

Katika kila kundi mkubwa kuliko wote ni jike. Anayefuata ni dume wake. Waliobaki ni wadogo wasiozaa, nao wamepangana kwa ukubwa. Jike akifa, dume hugeuka kuwa jike, na yule wa tatu hupanda na kuwa dume. Mtafiti Peter Buston, aliyewachunguza samaki wa anemoni huko Papua New Guinea, alionyesha mwaka 2003 kwamba kila mmoja kwenye foleni hubaki mdogo kwa takriban moja ya tano kuliko aliye mbele yake. Wa chini hujizuia kukua. Akikaribia mno ukubwa wa anayemtangulia, anaweza kufukuzwa, na kufukuzwa kwenye anemoni ni sawa na kuhukumiwa kifo.

Kwa hiyo ukinunua samaki wawili wa anemoni wenye ukubwa uleule, umenunua ugomvi. Nunua wawili wa aina moja, wote wachanga, mmoja akiwa mkubwa kidogo waziwazi. Watapangana wenyewe bila kuumizana sana. Wakishaanza kutaga, usishangae wakiuuma hata mkono wako unaposafisha kioo.

Wapo wengine wenye utaratibu unaofanana na huo. Samaki msafishaji, yule mwembamba mwenye mstari mweusi anayewatoa wenzake wadudu mwilini, huishi dume mmoja na majike kadhaa. Utafiti wa mwaka 1972 huko Australia ulionyesha kwamba dume akiondoka, jike wa juu huanza kutenda kama dume ndani ya saa chache, na baada ya takriban wiki mbili huwa dume kamili. Ukali wa dume juu ya majike ndio unaowazuia kugeuka akiwa hai.

Ugomvi wenye sauti

Sisi watu wa redio jambo hili limetufurahisha kuliko mengine. Samaki wa anemoni hupiga kelele anapogombana. Mwaka 2007 Eric Parmentier wa Ubelgiji na wenzake walieleza jinsi anavyofanya: hugonganisha meno kwa kufunga taya kwa kasi kubwa, na mlio hutoka kama mtu anayebisha hodi haraka haraka. Kwa kawaida samaki mkubwa hutoa mlio mzito kuliko mdogo, hivyo mpinzani anaweza kupima ukubwa wa mwenzake kwa masikio kabla ya kuamua kupigana. Utafiti wa nyuma yake kidogo, wa mwaka 2005, ulilinganisha samaki wa Amphiprion akallopisos wa Madagaska na wa Indonesia, na milio yao ilikutwa inatofautiana. Tungesema wana lafudhi.

Sauti, rangi na kutanua mapezi vyote vina kazi moja, nayo ni kumaliza ubishi bila damu. Samaki wawili husimama ubavu kwa ubavu, hutanua mapezi, hutetemesha mwili, hupigana mkia wa maji. Mmoja akiona amezidiwa hukunja mapezi na kuondoka. Kwenye bahari mambo huishia hapo mara nyingi.

Kwa nini kioo hubadilisha kila kitu

Waswahili husema mafahali wawili hawakai zizi moja. Porini fahali aliyeshindwa huenda zake. Zizini haendi.

Tangi la lita 150 lina urefu wa kama mita moja. Samaki wa madoa matatu anaweza kuliona lote kuwa eneo lake. Aliyeshindwa akikimbia, ndani ya sekunde moja amegonga kioo na yuko bado ndani ya eneo la mshindi. Mshindi haoni samaki aliyekubali kushindwa. Anaona mvamizi ambaye amefukuzwa na hataki kuondoka. Basi anarudia, na kurudia tena, saa baada ya saa.

Anayefukuzwa hivyo si lazima afe kwa jeraha. Huacha kula, hupumua haraka, kinga yake ya mwili hushuka, kisha ugonjwa mdogo humwua. Mwenye tangi humkuta amekufa bila jeraha na kulaumu maji. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Ilongero. Na wale weusi wawili waliopotea hawakutoweka. Walikufa nyuma ya mawe na kuliwa na viumbe wasafishaji wa tangi.

Jambo la pili lililomponza msikilizaji wetu ni mpangilio. Mkali ndiye aliyetangulia. Alikaa mwezi mzima peke yake akijua kila jiwe ni lake, kisha wageni wakaletwa.

Wanaofaa kuangaliwa kwa makini

Hawa ni samaki wa pwani ya Afrika Mashariki ambao mara nyingi huleta shida kwenye tangi:

Samaki wa madoa matatu na ndugu zake. Wakiwa wachanga wanavutia na ni rahisi kuwatunza. Wakikua wanakuwa wababe.

Kangaja. Ana wembe pande zote mbili za mkia, na hupiga kwa kuuzungusha mkia. Kangaja wawili wa umbo moja kwenye tangi dogo ni hatari. Isitoshe ni mwogeleaji wa masafa, na lita 150 hazimtoshi hata akiwa peke yake.

Kikande. Ana taya za kuvunja kaa na konokono. Aina kubwa, Balistoides viridescens, hulinda kiota chake kwa ukali kiasi cha kuwafukuza na kuwauma wapiga mbizi. Eneo analolinda hupanuka kadiri linavyopanda juu, kama faneli, ndiyo maana wapiga mbizi hushauriwa kukimbia kwa kwenda pembeni, si kwenda juu. Huyu si wa sebuleni kabisa.

Kitatange. Aina kubwa humtaka kitatange mwenzake aondoke. Wavuvi wa pwani wanamjua vizuri, na kwa Kiswahili neno kitatange hutumika pia kwa mtu mchochezi.

Dalili za ugomvi

Kaa mbele ya tangi dakika 20 bila kufanya chochote, hasa wakati wa kulisha na jioni kabla ya kuzima taa. Tazama haya:

Samaki mmoja yuko kwenye kona ya juu muda wote, karibu na bomba au hita.
Mapezi yana michaniko, hasa ya mkia, au magamba yametoka.
Mmoja haji kwenye chakula, au huja akimtazama mwingine kwanza.
Rangi imepauka na matamvua yanakwenda kasi.
Kuna anayeacha chakula ili kumkimbiza mwenzake.

Kama samaki wote wanapumua kwa shida kwa wakati mmoja, hapo tatizo ni maji au hewa. Kama ni mmoja tu, mtafute mbabe.

Hatua za kuleta amani

1. Panga kabla ya kununua. Andika orodha ya samaki wote unaowataka, na ukubwa watakaofikia wakiwa wazima, si ukubwa wa dukani. Kama orodha haitoshi kwenye tangi, punguza orodha.

2. Wapole watangulie, wakali waje mwisho. Hii peke yake ingeokoa samaki kadhaa Ilongero.

3. Epuka wawili wa aina moja, umbo moja au rangi zinazofanana, isipokuwa ni jike na dume waliokubaliana.

4. Weka mawe yenye matundu mengi, na upange ili samaki akiwa upande mmoja asione upande wote wa pili. Kila samaki awe na zaidi ya maficho mamoja.

5. Siku ya kuleta mgeni, hamisha mawe kwanza. Wenyeji watapoteza mipaka yao na wote wataanza upya. Walishe wenyeji washibe, zima taa, kisha mwingize mgeni.

6. Tumia kizuizi. Chukua kontena la plastiki linaloonyesha, litoboe matundu mengi, mweke mgeni humo ndani ya tangi kwa siku tatu hadi wiki. Watazamane bila kuumana. Mwenyeji akiacha kulivamia kontena, mtoe mgeni.

7. Mtoe mbabe. Akiendelea, mtenge yeye, si mnyonge. Baada ya wiki moja au mbili mrudishe akiwa mgeni, mawe yakiwa yamehamishwa. Wengine hurudi wakiwa wamepoa. Asipopoa, mtafutie tangi jingine.

8. Lisha kidogo kidogo sehemu mbili tofauti kwa wakati mmoja, ili mmoja asilinde chakula chote.

Wapo wanaoegesha kioo cha kujitazamia nje ya tangi ili mbabe apigane na sura yake. Kwa siku moja au mbili za mwanzo husaidia. Ukikiacha muda mrefu unamchosha bure.

Mazingira yetu ya Singida

Samaki aliyechoka kwa maji mabaya ndiye wa kwanza kuonewa, kwa hiyo maji nayo yana nafasi yake. Sisi tuko kwenye nyanda za kati, takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Juni na Julai ni baridi, na samaki hawa wanataka nyuzi 24 hadi 27 za Selsiasi, hivyo hita ni lazima. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani, na maji ya chumvi hushika oksijeni kidogo kuliko maji baridi. Umeme ukikatika pampu husimama, na samaki hubanana juu kutafuta hewa. Pampu ndogo ya betri si anasa.

Upepo na ukavu wetu hupunguza maji haraka. Yanayoondoka ni maji, chumvi hubaki. Kwa hiyo unapojazia, tumia maji yasiyo na chumvi, na upime kwa kipima chumvi. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita, maana yake lita 150 zinahitaji kama kilo tano na robo za chumvi maalumu ya matangi. Tangi jipya pia liachwe wiki nne hadi sita bakteria waote kwenye mawe, kwa sababu wao ndio wanaoondoa amonia itokayo kwenye kinyesi cha samaki. Muda huo hauhitaji samaki wa kujaribia. Chakula kidogo cha samaki kikiachwa kuozea humo kinatosha kuwaanzisha bakteria.

Maswali mengine yaliyotufikia

Je, tunaweza kutumia maji ya Ziwa Singidani au Kindai? Hapana. Ni ya chumvi, lakini si chumvi ya bahari. Yana magadi, na ukali wake hupanda na kushuka kulingana na mvua. Heroe wanayapenda. Samaki wa matumbawe yatamwua.

Chumvi ya mezani je? Hapana. Maji ya bahari yana magnesiamu, kalsiamu, potasiamu na vingine vingi ambavyo chumvi ya jikoni haina.

Samaki akinishinda, nimwachie ziwani? Hapana, na hili tunalisisitiza. Wa baharini atakufa. Wa maji baridi anaweza kupona na kuwaharibia perege wetu wa asili. Samaki simba, ambaye kwao si bahari ya Atlantiki, alionekana Florida mwaka 1985, na inaaminika walitoka kwenye matangi ya watu. Leo wametapakaa hadi Karibi wakila samaki wachanga wa huko. Mrudishe kwa muuzaji au mpe mfugaji mwingine.

Nimwombe ndugu aliye pwani anikamatie? Uliza kwanza ofisi ya uvuvi. Uvuvi wa Tanzania Bara unasimamiwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, na yapo maeneo ya hifadhi, kama Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia iliyoanzishwa mwaka 1995, ambako uvuvi una masharti yake.

Tulipofikia

Msikilizaji wetu alimtenga yule mweusi kwenye ndoo kubwa yenye pampu, kisha akampa mfugaji mwenzake mwenye tangi kubwa. Kangaja amesafirishwa kurudi Dar es Salaam, kwa sababu tangi la lita 150 halikuwa nyumba yake hata bila ugomvi. Amebaki samaki mmoja wa anemoni. Alipotupigia wiki hii alisema samaki huyo, ambaye hakuwahi kuonekana nje ya jiwe, sasa anakuja mbele ya kioo asubuhi akisikia mlango.

Alituuliza kama anaweza kumwongezea mwenzake. Tumemwambia ndiyo, wa aina yake, awe mdogo kuliko yeye, na aanzie ndani ya kontena lenye matundu. Baharini samaki hutafuta mwenyewe pa kukimbilia. Kwenye tangi, mahali hapo pataandaliwa na wewe mwenye tangi, na pawepo kabla samaki hajaingia.

Kama una swali kuhusu samaki, kuku au mifugo mingine ya nyumbani, tutumie ujumbe kupitia namba tunazozitaja wakati wa kipindi. Tutalijibu hewani, na likiwa refu kama hili, tutaliandika hapa.